Poti ya Mwalimu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo. Mtu akiulizwa akanyamaza, amesema uongo au hajasema? Nilikuwa nikijijibu kwamba hajasema, kisha nageukia ubavu wa pili na kukumbuka kwamba mimi sikunyamaza tu. Nilijibu, tena kwa sauti ya darasani. Hapo naanza kutafuta swali jingine, jepesi zaidi. Pembeni yangu binti yangu, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili, alilala mkavu. Ukavu huo ndio uliokuwa aibu yangu. Mchana, akiwa kwa bibi aliyenilelea mtoto, alikuwa akilowa kila siku, na watu walikwisha kuanza kusema kwamba bibi yule anamtesa.

Kwa nini alilowa kule na hakulowa kwangu, nilijua mimi peke yangu.

Ilikuwa Soga, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Mume wangu alikuwa karani wa stesheni, na mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu ndani ya bahasha ambayo niliifungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwetu ni Kisarawe, na wasichana wa Kiislamu wa kwetu waliosoma hadi kupata cheti walikuwa wachache mno. Nililijua hilo, na kila mtu alinikumbusha. Kwa hiyo nilikuwa na hofu moja isiyokwisha, kwamba siku moja nitakosea na watu watasema, kumbe ndiyo hiyo elimu yenyewe.

Bibi aliyenilelea mtoto alikaa nyuma ya stesheni, upande wa kuelekea shamba la mkonge. Mwanawe alikwisha kufa, wajukuu walikwisha kuoa, na ua wake ulikuwa umejaa watoto wa wanawake waliokwenda kupalilia mkonge na kuanika nyuzi. Asubuhi mama anapita, anamteremsha mtoto mgongoni, anaweka alichojaaliwa, mihogo miwili au kibaba cha mtama, anaondoka. Nilipoanza kumpeleka wangu, akiwa na miezi sita, walikuwa saba pamoja naye. Nilimpeleka na mawinda manane ya kumfunga, yamekunjwa vizuri.

Mawinda yalianza kurudi yakiwa yamekunjwa vilevile. Mtoto alipokuwa na mwaka na miezi michache, bibi aliniambia, "Mwalimu, usiniletee matambara haya. Mtoto wako hana kazi nayo." Nilidhani anayatumia kwa watoto wengine na anaona haya kusema. Nilidhani pia kwamba hamvalishi, anamwacha achafue ua. Nilidhani mambo mengi. Jambo la kumwuliza tu ndilo lililokuwa halinijii kwa wepesi.

Siku moja shule ilifungwa mapema, nikaja alasiri bila kutarajiwa, nikaona mwenyewe. Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha mbele, nyayo ameziachanisha kidogo. Binti yangu alikuwa ameketi juu ya vifundo vya miguu yake, wametazamana, mikono yake midogo imeshika magoti ya bibi. Bibi alikuwa akimwambia "shiii, shiii" polepole, kisha anaguna kama anayenyanyua mzigo, na mtoto naye anaguna huku akicheka. Haja ilipotoka ikaanguka mchangani kati ya nyayo. Bibi akamsafisha kwa maji ya kata, akachota uchafu kwa kipande cha jembe kilichovunjika, akaenda kuufukia migombani, akanawa. Mambo yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza kuandika sentensi moja ubaoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umemwona mwenzio? Ananijulisha mwenyewe. Akinishika goti tu, najua."

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua daftari langu la chuo. Tulikuwa tumefundishwa somo la malezi, na mwalimu wetu, ambaye mwenyewe hakuwa na mtoto, alitusomea kwamba mtoto azoeshwe chombo chake mwenyewe, kwa saa maalumu, na kwamba kumwachia haja ardhini ni kueneza safura, ule ugonjwa wa minyoo. Nilikuwa nimepigia mstari mara mbili neno safura. Nilikaa na daftari lile mapajani nikijiuliza itakuwaje mkaguzi wa shule akisikia kwamba mtoto wa mwalimu anajisaidia juu ya miguu ya mtu.

Kila Jumatano alasiri nilikuwa nikifundisha akina mama usafi wa nyumbani, chini ya paa la shule. Jumatano iliyofuata nilikuja na poti. Niliagiza Dar es Salaam, kwenye duka la Mhindi, na ilikuja kwa treni ikiwa imefungwa kwenye gunia: ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, mkono mmoja pembeni. Niliiweka mezani nikaeleza. Nikasema zile desturi za kumketisha mtoto miguuni ni uchafu, zinaleta maradhi, na mama wa kisasa anaziacha. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele kwa sababu masikio yake yalikuwa yamepungua. Hakukosa neno hata moja.

Akanyosha mkono kama mtoto wa shule. "Mwalimu, na asipotaka kukaa juu ya bati hilo?"

"Atazoea, bibi."

"Litakuwa baridi, lakini."

Wanawake wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Weka kaa la moto ndani, bibi!" Kicheko kikazidi, na mimi, kwa kuogopa kwamba ninachekwa, nikasema kwa ukali, "Tusifanye mzaha. Watoto wanakufa kwa uchafu kama huu."

Bibi akatazama miguu yake mwenyewe, akaivuta chini ya kanga. Nimekwisha kuishi miaka mingi tangu siku ile na bado naiona miguu ile ikirudi chini ya kanga.

Baada ya darasa alinifuata. Nilidhani ananijia na ugomvi. Akasema, "Miye sikusoma, mwanangu. Kama yana madhara sikuwa nikijua. Nipe hilo poti lako nikamkalishe." Akaibeba kichwani hadi kwake, na watu njiani wakamwuliza amepata wapi sufuria nzuri namna ile.

Akafanya kila nililomwambia. Saa moja, saa nne, saa saba, saa tisa. Saa hakuwa nayo, kwa hiyo alihesabu kwa filimbi za shamba na treni zinazopita. Binti yangu aliyachukia mambo hayo tangu siku ya kwanza. Alipinda mgongo, akalia, akakaa juu ya poti kavu kama jiwe, kisha akainuliwa na kukojoa hatua mbili mbele. Watoto wakubwa wa uani wakamtungia jina, wakawa wanamzunguka: "Kikojozi! Kikojozi!" Aliacha kumshika bibi goti. Alianza kujizuia, na tumbo likawa gumu.

Nyumbani niliagiza poti ya pili, nikabandika ratiba ukutani. Nami sikufanikiwa hata siku moja. Nilimkalisha, nikamwimbia, nikamwahidi sukari guru, nikamkemea, nikatubu, nikamkalisha tena. Siku ya tatu bila choo, mtoto akawa anatembea amejikunja. Mume wangu alikuwa zamu. Nilifunga mlango, nikafunga na dirisha, ingawa hapakuwa na mtu nje. Nikatandika gazeti kuukuu sakafuni, nikakaa chini, nikanyosha miguu. Sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu. Sikuwa na hata haja ya kumwita. Alinijia mwenyewe, akageuka, akaketi juu ya vifundo vyangu, akashika magoti yangu. Nikasema "shiii," kwa sauti ndogo, kama mwizi. Akaguna, akacheka, akamaliza.

Nililia kwa furaha. Kisha nikakunja gazeti lile nikalipeleka chooni, nikaosha sakafu mara mbili kwa sabuni, nikafungua dirisha.

Kuanzia hapo nilifanya hivyo asubuhi na jioni, mlango umefungwa. Mume wangu akaniuliza, "Poti imekubali?" Nikasema, "Imekubali." Alifurahi hata akawasimulia wenzake stesheni, nao wakawasimulia wake zao. Katika muda wa juma moja Soga nzima ilijua kwamba mtoto wa mwalimu anakaa kwenye poti kama mtoto wa Kizungu, ila akiwa kwa bibi.

Hilo "ila" sikulitazama. Nilijiambia kwamba bibi atachoka mwenyewe na kurudia njia yake, bila mimi kusema kitu. Sikumfikiria vizuri. Alikuwa mtu aliyetoa ahadi.

Siku moja mtoto alijizuia tangu asubuhi, na bibi aliposimama kuswali adhuhuri, mtoto akaenda kusimama mbele yake juu ya mswala na yote yakamtoka hapo. Bibi akakatisha sala. Akamwosha mtoto, akafua mswala, akajitwaharisha upya, na alipomaliza, wakati ulikuwa umebaki kidogo sana. Nilipofika jioni mswala ulikuwa kwenye kamba, na yeye ameketi kizingitini.

"Mwalimu, nieleze kama unavyowaeleza watoto wako wa shule. Kwako anakaa juu ya poti?"

Ningeweza kusema. Uani palikuwa na sisi wawili tu, na kuku. Nikasema, "Kwangu anakaa, bibi."

"Bila kulia?"

"Bila kulia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni miye nisiyejua. Nimelea watoto tangu Wadachi wakiwa hapa, kumbe sijui."

Nikasema atajua tu, ajaribu tena. Nilimpa moyo! Nikambeba mwanangu nikaondoka, na njiani nilijieleza kwamba nimemjibu vile ili nisivunje heshima ya mafunzo ya Jumatano, maana wanawake wakiacha kuniamini kwa poti wataacha pia kuchimba vyoo, na wasipochimba vyoo watoto watapata safura, na wakipata safura watakufa. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kuokoa maisha ya watoto wote wa Soga kwa uongo mmoja.

Maneno yakaanza kisimani. Niliyasikia kwa mwanamke mmoja mpalilia mkonge, aliyekuwa akimwacha mwanawe kwa bibi tangu azaliwe. Alinisogelea nikiwa nasubiri ndoo ijae.

"Mwalimu, pole na mtoto."

"Pole ya nini?"

"Aa, sisi tunaona. Mtoto mkavu kwa mama yake, kwa mlezi anajikojolea. Mtoto haogopi bure. Bibi kazeeka, mikono inakuwa mizito. Labda anawafinya."

Mwenziwe akadakia, "Au ana lake jambo. Mzee anaishi peke yake vile."

Nilisema, "Sidhani." Neno hilo moja tu. Wakatazamana kama watu waliopata walichokitaka, kwa sababu kama ningekuwa nina hakika ningesema hapana. Kesho yake yule mpalilia akamwachia mtoto dada yake. Baada ya siku mbili mwingine akafuata, kisha wawili kwa pamoja. Uani wakabaki watatu, na wangu ndani yake, kwa sababu mimi, mwenye mtoto anayesemekana kuteswa, nilikuwa sina sababu ya kumwondoa.

Shule ilipofungwa nilikwenda kwetu Kisarawe. Tulipanda treni hadi Pugu, kisha tukapanda kilima kwa miguu, mtoto mgongoni. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi na chai kwa watu waliokuja na mashauri yao bomani. Jioni nilimpeleka mtoto nyuma ya nyumba, nikatazama huku na huku, nikakaa na kunyosha miguu. Nilipoinua kichwa mama alikuwa amesimama pembeni na ungo mkononi.

"Lo! Na cheti hicho?"

"Mama, usiseme kwa sauti."

"Nimwogope nani? Hivyo ndivyo nilivyokulea weye. Umenichafulia miguu hii mpaka ukaanza kusema."

Nikamweleza. Nilianza na daftari, nikaingia kwenye safura, vyoo, mkaguzi, hadhi ya walimu wa kike, na namna neno moja la kweli likisemwa wakati usiofaa linavyoweza kuharibu kazi ya miaka. Aliendelea kupepeta mchele. Nilipofika kwenye watoto walioondolewa akasimamisha ungo.

"Hebu ngoja. Yule bibi wa watu umemwambia?"

"Nikimwambia, wanawake watasema mafunzo yote ni uongo. Hawatachimba vyoo. Minyoo..."

"Minyoo na uongo wako vinahusiana nini?" Akanitazama kama aliyekuwa hajui nimetoka wapi. "Chimbeni vyoo vyenu. Mavi ya mtoto yafukieni, si anayafukia? Miye nakuuliza habari za mtu, weye unanijibu habari za minyoo."

Aliingia ndani kupika, na siku tatu zilizobaki hakuligusa tena jambo hilo. Nilitamani agombe. Angegombana nami ningepata hoja.

Tuliporudi Soga nilimpeleka mtoto kama kawaida. Ua ulikuwa umefagiwa hadi mchanga umebaki na mistari. Palikuwa na mtoto mmoja tu, kichanga cha mjane ambaye hakuwa na dada wala jirani wa kumwachia. Bibi alikuwa amekonda. Hakunipokea mtoto mara moja.

"Nikuulize, mwalimu, na usinifiche. Mtoto amekwambia miye namfinya?"

"Hapana, bibi! Hajasema."

"Maana nimejitazama mikono. Nikasema labda namshika vibaya bila kujua. Mtu akizeeka hajijui." Alininyoshea viganja vyake vyote viwili, anionyeshe. "Wanasema na uchawi. Juzi nimekwenda kuomba chumvi, mama mwenye nyumba akamwita mtoto wake ndani."

Nikasema watu wana maneno, wasimsumbue. Nikaenda kufundisha hesabu za kutoa.

Usiku ule ndipo lile swali la kunyamaza na kusema lilipofika mwisho wake, maana nililigeuza kila upande na halikuwa na upande ulionipendeza. Kulipopambazuka nilivaa gauni langu jeupe la shule, nikambeba mtoto, nikaenda.

Bibi alikuwa akiwasha moto. Sikusubiri shikamoo iitikiwe. Nikamwambia: poti haijakubali kwangu hata siku moja, nimekuwa nikimketisha miguuni kama ulivyokuwa ukifanya wewe, mlango nimefunga, na wewe nikakuacha na bati. Nilisema haraka, macho nimeyaelekeza kwenye moto.

Aliendelea kupanga kuni mpaka nikadhani hakusikia. Nikaanza kurudia kwa sauti kubwa.

"Nimesikia," akasema. "Sauti zako nazisikia siku zote." Akapuliza moto, akakohoa. "Umeniacha miye mwezi mzima najiona mchawi."

"Nisamehe, bibi."

"Unaniomba miye, lakini miye sasa nimejua sijafinya mtoto wa mtu. Hao wengine wanajua?"

Nilikuwa nimepanga kuwaambia wengine Jumatano, kwa utaratibu, baada ya kupanga maneno. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo, kisha nikaona itakavyokuwa: Jumatano nitapata sababu ya kungoja Jumatano nyingine.

Filimbi ya kwanza ya shamba ilikuwa bado. Nilitoka uani na mtoto kiunoni, nikaenda moja kwa moja mahali wanawake walipokusanyika kusubiri nyapara awahesabu, kando ya reli. Walikuwa kama ishirini, majembe mabegani. Yule mpalilia wa kisimani alikuwepo.

"Mwalimu, leo unakuja kulima?" mmoja akatania.

"Nimekuja kusema." Sauti ya darasani haikuja. Ilikuja nyingine, nyembamba. "Bibi hamfinyi mtoto wangu, wala hana uchawi. Mtoto hataki poti. Hajaitaka kule, hajaitaka kwangu. Kwangu namketisha miguuni, kwa siri, na nimewadanganya nyote pamoja na mume wangu. Bibi alikuwa akifuata niliyomwamuru."

Yule mpalilia akapiga makofi mara moja. "Kumbe! Na ule ukali wote wa Jumatano?"

"Watoto wanakufa kwa uchafu kama huu!" mwingine akaniigiza, pua ameibana, na wakaangua kicheko.

"Mwongo huyu. Anamtetea bibi tu," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa amewaondoa watoto wawili. "Mtu na cheti chake hakai chini namna hiyo. Kaa basi tukuone."

Nikalitazama gauni langu. Nikatazama upande wa stesheni, ambako mume wangu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi na mwenziwe mmoja, wanashangaa kuna nini. Nyapara naye alikuwa anakuja na kitabu chake. Nikakaa chini palepale kwenye udongo, nikanyosha miguu, nikaziachanisha nyayo, nikamketisha mwanangu juu ya vifundo vyangu, na kwa sauti ambayo hata yule wa mwisho kule nyuma angeisikia, nikaanza: "Shiii."